Jibu la Uvimbe wa Shingo Lisipokuwa Wazi



Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya uvimbe wa mbele ya shingo. Katika kazi yetu ya uuguzi, na tunapokwenda kuwatembelea wagonjwa pamoja na akina mama wa kanisa, tumeona kwamba kila mwenye uvimbe huo huogopa kuambiwa, "Ni saratani." Lakini liko jibu jingine ambalo humsumbua mama pengine zaidi, kwa kuwa hakujiandaa kulisikia: "Tumepima, ila hatuwezi kusema bado."

Mama akipewa jibu hilo hurudi nyumbani amechanganyikiwa. Mumewe anauliza hao madaktari wamesomea nini. Wifi anasema kuna mzee fulani anayeondoa uvimbe kwa kuchanja na kupaka dawa. Rafiki wa maombi anamwambia kwamba kama hawakuona kitu, basi hakuna kitu, amshukuru Mungu na asirudi tena huko. Usiku, wengine wakilala, yeye yu macho anapapasa shingo yake.

Tungependa kueleza kwa nini jibu hilo hutolewa, na kwa nini daktari anayelitoa mara nyingi anasema kweli. Mama akilielewa ataweza kungoja vizuri, wala hatapotea njiani.

TEZI YENYEWE

Mbele ya shingo, chini kidogo ya zoloto, iko tezi yenye umbo la kipepeo. Mabawa yake mawili hulikumbatia koo la hewa. Madaktari huiita thairoidi. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoongoza mwendo wa mwili: mapigo ya moyo, joto, uzito, hedhi, hata ukuaji wa ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Ili ifanye kazi hiyo tezi huhitaji madini joto. Yakipungua katika chakula, hujitanua ikijaribu kuyakamata hayo machache yaliyopo, na ndipo tunapoona rovu. Wenzetu wa sehemu za milimani wanalijua sana, kwa sababu huko mvua za miaka mingi zimeyasomba madini hayo kutoka udongoni. Ndiyo sababu tangu katikati ya miaka ya 1990 sheria ya Tanzania imetaka chumvi ya kula itiwe madini joto.

Rovu si saratani. Wako bibi waliokaa na rovu miaka 30 wakafa kwa uzee. Hata hivyo hapo ndipo ugumu wa kwanza ulipo. Mahali ambapo shingo nyingi zina uvimbe, uvimbe mbaya hujificha katikati ya ile isiyo na madhara. Binti aliyeona rovu la bibi yake, kisha la mama yake, hashtuki anapoona la kwake.

Ugumu wa pili ni kwamba vinundu vya tezi hii ni vingi mno. Hata katika nchi ambako madini joto yanatosha, ukipapasa shingo za wanawake 100 utakuta kinundu kwa kama 5 kati yao, na kwa wanaume 100 utakuta kwa mmoja tu. Ukitumia altrasaundi utavikuta kwa watu wengi zaidi, vingine vidogo kama punje ya mtama. Katika kila vinundu 100 vinavyochunguzwa, saratani hupatikana katika 7 hadi 15. Maana yake ni kwamba vilivyo vingi havina saratani. Kazi ya daktari ni kuvipata hivyo vichache bila kuwaumiza wenye hivyo vingi.

Saratani yenyewe huwapata wanawake mara tatu hivi kuliko wanaume. Kwa hiyo jambo hili ni la nyumbani kwetu.

SAFARI YA VIPIMO

Kwanza daktari huuliza maswali na kupapasa shingo. Atataka kujua uvimbe ulianza lini, unakua kwa haraka gani, kama sauti imebadilika, kama katika ukoo yuko aliyepata saratani ya tezi hii, na kama mgonjwa aliwahi kupigwa mionzi ya matibabu kichwani au shingoni akiwa mtoto. Swali la mionzi lina sababu. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl mwaka 1986, watoto wengi wa Ukraine, Belarus na Urusi walipata saratani hii, hasa waliokunywa maziwa yaliyochafuliwa na iodini ya mionzi.

Kisha huchukuliwa damu kupima homoni. Hapa wengi hujidanganya. Kipimo hiki huonyesha kama tezi inafanya kazi kupita kiasi au chini ya kiasi, lakini hakisemi kama kuna saratani. Wagonjwa wengi wa saratani hii damu yao ni ya kawaida kabisa. Usikubali kufarijiwa na karatasi ya damu peke yake.

Baada ya hapo ni altrasaundi. Mtaalamu hutazama kama kinundu kina maji au ni kigumu, kama kingo zake ni laini au zimechongoka, na kama ndani yake kuna vidoa vya chokaa. Dalili hizi humsaidia kuchagua ni kinundu kipi kichomwe sindano. Katika rovu lenye vinundu vingi uchaguzi huo ni wa maana sana, kwa sababu sindano ikiingia katika kinundu kisicho na tatizo, jibu litakuwa zuri huku kibaya kimebaki pembeni.

Mwisho ni sindano nyembamba. Wengi huiogopa, lakini haizidi sana ile ya kuchukulia damu. Huvuta chembechembe chache kutoka ndani ya kinundu, zikapakwa kwenye kioo na kutazamwa na daktari wa patholojia kwa hadubini. Wajawazito nao wanaweza kufanyiwa altrasaundi na sindano hii bila kumdhuru mtoto.

Zamani kila maabara iliandika majibu kwa maneno yake, na daktari wa upasuaji akabaki kubahatisha maana. Mwaka 2007 wataalamu walikutana Bethesda, nchini Marekani, wakakubaliana kugawa majibu katika makundi 6. Mpango huo umerekebishwa mara mbili, mara ya mwisho mwaka 2023, nao hutumika katika nchi nyingi.

Kundi la kwanza ni la chembechembe zisizotosha, hivyo kipimo hurudiwa. La pili ni uvimbe usio wa saratani. La tatu ni la chembechembe zisizo za kawaida ambazo maana yake haijulikani. La nne ni uvimbe wa aina ya folikula. La tano ni la kushuku saratani, na la sita ni saratani.

Mama aliye katika kundi la pili au la sita ameonyeshwa njia. Anayebaki njia panda ni yule wa kundi la tatu na la nne. Wagonjwa wa kundi la tatu wakipasuliwa, saratani hukutwa kwa kama 2 katika kila 10. Katika kundi la nne ni kama 3 katika kila 10.

KWA NINI SINDANO ISISEME YOTE?

Hebu fikirini zizi la mbuzi lililozungushiwa boma la miiba. Usiku mtu ananyoosha mkono kupitia boma, anang'oa manyoya machache na kukuletea. Ukiyatazama utajua kwamba mle ndani mna mbuzi. Lakini je, utajua kama boma limevunjwa na mbuzi wametoka kwenda kula shamba la jirani? Hutajua. Itakubidi ungoje kukuche, ulizunguke boma lote, utazame kila upande.

Uvimbe wa folikula uko hivyo hivyo. Aina yake isiyo na madhara na aina yake ya saratani zina chembechembe zinazofanana. Tofauti iko kwenye ganda linalouzunguka uvimbe. Kama ganda ni zima, si saratani. Kama chembechembe zimelitoboa na kutokea nje, au zimeingia katika mishipa ya damu iliyomo, ni saratani. Sindano huleta manyoya tu. Ili kulitazama boma, hapana budi kinundu chote kitolewe, na mara nyingi hutolewa pamoja na bawa lile la tezi. Kisha daktari wa patholojia hukata vipande vingi vyembamba vya ganda na kuvitazama kimoja kimoja.

Tulimfahamu mama mmoja mwimbaji wa kwaya aliyepewa jibu la kundi la nne. Hofu yake kubwa ilikuwa sauti, maana neva inayoongoza sauti hupita nyuma kabisa ya tezi hii na inaweza kuguswa wakati wa upasuaji. Alisita miezi miwili, akakubali. Wiki tatu baada ya operesheni jibu lilikuja: ganda zima pande zote, hakuna saratani. Nyumbani walishangilia, lakini wifi yake mmoja akasema, "Kumbe walikukata bure." Neno hilo lilimchoma kuliko kisu. Alipokuja kwetu sauti yake ilikuwa bado inakwaruza, akatuuliza, "Ni kweli nilikatwa bure?"

Tulimjibu kwamba hapana. Haikuwepo njia nyingine ya kuliona ganda. Madaktari hawakukosea, wala yeye hakuwa mjinga kukubali. Katika nchi tajiri viko vipimo vya vinasaba vinavyoweza kuwapunguzia wengine upasuaji, lakini ni vya bei kubwa na havimalizi shaka yote. Sauti ya mama huyo ilirudi baada ya miezi michache. Zamani aliimba sauti ya kwanza, sasa anaimba ya pili, na wengi hawajui kama ana kovu chini ya kitambaa chake.

SARATANI MOJA, TABIA MBALIMBALI

Ugumu mwingine ni kwamba tunasema "saratani ya thairoidi" kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Ziko aina kadhaa, na tabia zao zimeachana mbali.

Papilari ndiyo inayoonekana zaidi. Hukua polepole na hupenda kusambaa katika mitoki ya shingo, lakini wagonjwa wengi hutibiwa wakaishi miaka mingi.

Folikula hupatikana zaidi mahali penye upungufu wa madini joto. Hii hupita katika damu kwenda kwenye mifupa na mapafu, hata wapo wanaofika hospitali kwa maumivu ya mgongo au mfupa uliovunjika, kumbe chanzo ni kinundu cha shingo kilichosahauliwa.

Medula hutoka katika chembechembe nyingine kabisa za tezi. Kama robo ya wagonjwa wake wameirithi, ndiyo maana daktari akiikuta huomba watoto na ndugu nao wapimwe.

Anaplastiki ni adimu na ni kali kupita zote. Huwapata zaidi wazee, mara nyingi wenye rovu la siku nyingi. Uvimbe hukua kwa wiki chache tu, na wagonjwa wengi hawamalizi mwaka.

Hata kupanga hatua za ugonjwa huu si kama kwa saratani nyingine. Kwa papilari na folikula umri huhesabiwa. Mgonjwa aliye chini ya miaka 55 huwekwa hatua ya kwanza au ya pili tu, hata kama ugonjwa umefika mapafuni, kwa kuwa vijana hupona vizuri. Mpaka huo wa umri ulikuwa miaka 45, ukasogezwa hadi 55 katika mpango unaotumika tangu 2018. Lakini anaplastiki huhesabiwa hatua ya nne tangu siku inapogunduliwa. Kwa hiyo mama akisikia "hatua ya pili" asijilinganishe na jirani mwenye saratani ya matiti.

JINA LILILOBADILISHWA

Tuwaeleze jambo lililotokea mwaka 2016, maana linaonyesha jinsi hata mabingwa wanavyohangaika na ugonjwa huu.

Ilikuwepo aina moja ya uvimbe uliofungwa ndani ya ganda lake, ambao chembechembe zake zilikuwa na sura ya papilari. Kwa sababu ya sura hiyo uliitwa saratani. Wagonjwa waliondolewa tezi yote, wengine wakapewa na iodini ya mionzi. Madaktari wa patholojia wenyewe walikuwa wakitofautiana: kioo kilekile, huyu anasema saratani, yule anasema siyo.

Ndipo wataalamu 24 kutoka nchi 7, wakiongozwa na Daktari Yuri Nikiforov wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, wakakusanya habari za wagonjwa waliokuwa na uvimbe huo. Wagonjwa 109 ambao ganda la uvimbe wao halikutobolewa walikuwa wamefuatiliwa kwa miaka 10 hadi 26. Wote walikuwa hai, wala hakuna aliyerudiwa na ugonjwa. Wataalamu hao wakaamua kuondoa neno saratani katika jina la uvimbe huo, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likalikubali jina jipya. Walikadiria kwamba badiliko hilo lingewagusa watu zaidi ya 45,000 kila mwaka duniani.

Tafakarini hilo. Mama aliyetolewa uvimbe huo mwaka 2010 aliambiwa ana saratani, akalia na familia yake. Mwingine aliyetolewa uvimbe wa namna ileile mwaka 2018 aliambiwa hana. Uvimbe haukubadilika, ila maarifa ya watu yaliongezeka. Hata hivyo uvimbe wenyewe bado hutolewa, kwa sababu lile ganda haliwezi kuthibitishwa kuwa zima mpaka litazamwe lote.

JE, TUPIMWE WOTE?

Mama mmoja anaweza kusema, "Basi kila mwanamke apigwe altrasaundi ya shingo mapema, tumalize mashaka." Korea Kusini wameonja jambo hilo. Mwaka 1999 serikali yao ilianzisha mpango wa kupima watu saratani za aina nyingine. Hospitali nyingi zikaongeza altrasaundi ya shingo kwa malipo madogo, na watu wakaipenda. Kufikia mwaka 2011 idadi ya waliokuwa wakigunduliwa ilikuwa mara 15 ya ile ya 1993. Mwaka huo watu zaidi ya 40,000 waliambiwa wana saratani hii. Lakini waliokufa nayo hawakupungua. Walibaki 300 hadi 400 kwa mwaka kama zamani.

Karibu wote waliogunduliwa walipasuliwa. Katika kila 100 waliopasuliwa, kama 11 walibaki na upungufu wa chokaa mwilini kwa kuwa zile tezi ndogo za jirani ziliharibika, na 2 walipooza neva ya sauti. Mwaka 2014 madaktari kadhaa wa huko walijitokeza hadharani kuonya, na upasuaji ukapungua sana.

Sababu yake ni kwamba saratani nyingi ndogo za papilari hukaa kimya maisha yote. Mwaka 1985 madaktari wa Ufini walichapisha uchunguzi wa tezi za maiti 101, wakazikuta saratani hizo ndogo katika 36. Nako Japani, tangu mwaka 1993, hospitali ya Kuma ya mjini Kobe imekuwa ikiwafuatilia wenye uvimbe wa papilari usiozidi sentimeta moja bila kuwapasua mara moja. Mwaka 2014 walitoa habari za wagonjwa 1,235 wa namna hiyo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amekufa kwa saratani hiyo.

Kwa hiyo mama asiye na uvimbe wala dalili hana haja ya kutafuta altrasaundi ya shingo. Akae na chumvi yenye madini joto, aihifadhi katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu.

KWETU HATARI NI KUCHELEWA

Lakini tusiyachukue ya Korea tukayafanya kisingizio. Wale walipima sana. Wengi wetu hufika hospitali wakati uvimbe umeshika koo la hewa. Nenda hospitali bila kungoja ukiona mojawapo ya haya:

1. Kinundu kipya, au rovu la zamani lililoanza kukua haraka.
2. Uvimbe mgumu kama jiwe usiosogea unapomeza.
3. Sauti inayokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu bila mafua.
4. Shida ya kumeza au kupumua.
5. Mitoki iliyovimba pembeni ya shingo pamoja na kinundu cha mbele.
6. Kinundu kwa mtoto, au kwa mwenye ndugu aliyepata saratani hii.

Kuhusu mitoki tuseme neno. Kwetu mtoki wa shingo mara nyingi ni kifua kikuu, na ni haki daktari kukifikiria kwanza. Lakini kama mgonjwa amekunywa dawa za kifua kikuu sawasawa na mtoki hauoneshi kupungua, aombe apimwe upya na tezi yake ipapaswe.

Kuchanja uvimbe nyumbani ni hatari kubwa. Tezi hii imejaa damu nyingi. Tumeona mgonjwa akiletwa kanga zimelowa.

NAMNA YA KUNGOJA

Someni Walawi sura ya 13. Mtu alipopata alama katika ngozi alipelekwa kwa kuhani. Zipo alama zilizokuwa wazi, na kuhani akasema mara ile. Lakini alama isipokuwa wazi, kuhani hakuruhusiwa kukisia. Alimtenga mtu yule siku saba, akamtazama tena. Ikiwa bado, siku saba nyingine. Ndipo aliposema. Kungoja huko hakukuwa kutojua kazi. Kulikuwa ni amri, ili asije akamhukumu mtu mzima kuwa mgonjwa, wala mgonjwa kuwa mzima. Na aliyengoja hakwenda zake. Alibaki mahali ambapo kuhani angemwona tena.

Hivyo ndivyo mama anavyotakiwa kungoja. Kama ameambiwa arudi baada ya miezi mitatu au sita, tarehe hiyo iandikwe kwenye kalenda ya ukutani pamoja na ada za watoto. Anapoingia kwa daktari aulize haya:

1. Jibu langu liko kundi la ngapi kati ya yale 6?
2. Je, kipimo kirudiwe, tungoje, au tupasue? Kwa nini?
3. Kama ni kupasua, utatoa bawa moja au tezi yote?
4. Nirudi lini, na ni dalili gani zinifanye nirudi mapema?

Aombe jibu kwa maandishi na alitunze. Vioo vya hadubini navyo vinaweza kuombwa vikatazamwe na daktari wa patholojia mwingine. Si utovu wa adabu, ni kawaida ya kazi.

Liko jambo jingine ambalo ndugu wengi hawalijui. Uvimbe uliotolewa lazima uende patholojia, hata kama ulionekana kuwa rovu tu. Mahali pengine ndugu hukabidhiwa kopo lenye kinyama kilicholoweshwa katika fomalini ili wakipeleke maabara wenyewe. Kopo hilo lisilale nyumbani wala lisiachwe kwa sababu fedha hazijatimia. Semeni na hospitali, semeni na kanisa. Ndani ya kopo lile ndimo lilimo jibu, na likipotea hakuna kisu kitakachoweza kulirudisha.

Aliyetolewa tezi yote atameza kidonge cha thairoksini kila siku maisha yake yote, asubuhi kabla ya kula, wala asikimeze pamoja na maziwa au vidonge vya damu. Atakayepewa iodini ya mionzi hapaswi kuwa mjamzito wala kunyonyesha, na asishike mimba kwa angalau miezi sita baadaye. Jambo hili lizungumzwe na mume mapema, kabla ya tarehe ya matibabu.

NYUMBANI NA KANISANI

Akina baba watakaosoma ukurasa huu, nendeni na wake zenu kwa daktari. Mwanamke akiambiwa "haijulikani" peke yake, nusu ya maneno humpotea njiani, na jioni anapoulizwa anaonekana kama anaficha kitu.

Nasi akina mama wa kanisa tujihadhari na midomo yetu. Mwenzetu asiye na jibu bado tusimwite mgonjwa wa kansa, wala tusimtangaze kuwa amepona. Tumwombee, naam, tena kwa bidii. Mfalme Hezekia aliomba kwa machozi na Mungu akamsikia, lakini nabii Isaya aliagiza vilevile tini ziwekwe juu ya jipu lake. Maombi yetu yamsindikize mwenzetu hadi mlango wa kliniki. Mmoja wetu abaki na watoto wake siku hiyo, mwingine amsaidie nauli.

Mwezi huu, mkikutana kikundini, ulizaneni kwa upole: nani kati yetu aliambiwa arudi hospitali kuangaliwa shingo, na tarehe yake ikapita? Mkimpata, msimlaumu. Mpangieni siku, na mmoja wenu aende naye.

Mungu awabariki, awape subira na afya.